Vyuma Visivyozaliwa Pamoja: Mazungumzo juu ya Kutengeneza Pikipiki Nyumbani



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi iliyo machoni petu kila siku hapa Kinampanda, wala si Kinampanda tu, bali katika Iramba yote na mbali zaidi. Ni kazi ya wale vijana ambao, nyuma ya nyumba zao au chini ya mwembe, hutwaa pikipiki iliyochoka na kuiunga kwa vyuma vilivyotoka katika pikipiki nyingine tatu au nne, hata ikarudi barabarani. Tangi limetoka huku, injini imetoka kule, gurudumu la nyuma lilinunuliwa mnadani. Wako watu waichekao pikipiki ya namna hiyo, na wako waisifuo kupita kiasi. Sisi hatukuja kucheka wala kusifu. Twauliza jambo moja tu: Je, vyuma visivyozaliwa pamoja vyaweza kukaa pamoja kwa amani? Na kama vyaweza, ni kwa masharti gani?

Twauliza kwa sababu jambo hili si mchezo. Pikipiki hizi ndizo zinazopeleka magunia ya alizeti mashineni na vitunguu sokoni, na usiku wa manane ndizo zinazomchukua mama mwenye uchungu hata hospitali ya Kiomboi. Chuma kimoja kikikataa njiani, anayelia si chuma.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba pikipiki yenyewe ilizaliwa nyuma ya nyumba. Mwaka 1885, katika mji wa Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walikuwa na karakana ndogo katika kibanda cha bustani, nyumbani kwa Daimler. Humo walitengeneza injini ndogo ya petroli, wakaitia katika fremu ya mbao yenye magurudumu mawili, na vigurudumu vingine viwili vidogo kando ili isianguke. Mwezi wa Novemba mwaka huo mwana wa Daimler akaipanda kutoka Cannstatt hata Untertürkheim. Basi yule mzee wa pikipiki zote za petroli naye alikuwa mchanganyiko: umbo la baiskeli, mbao za seremala, na injini mpya kabisa. Asiyependa mchanganyiko na akumbuke hayo kabla ya kumcheka fundi wa kijijini.

Mfano wa pili watoka New Zealand, katika mji wa Invercargill. Huko aliishi mtu aitwaye Burt Munro, ambaye mwaka 1920 alinunua pikipiki ya Kimarekani aina ya Indian. Ilipokuwa mpya mwendo wake mkubwa ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kadiri ya kilomita 88. Munro alikaa nayo zaidi ya miaka 40, akiibadili chuma baada ya chuma katika kibanda chake. Pistoni alizimimina kwa mikono yake mwenyewe, na vyuma vingine akavichonga kwa mabaki ya mashine nyingine. Vilivyovunjika hakuvitupa, bali alivipanga juu ya rafu. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipeleka Bonneville, katika uwanda wa chumvi wa Marekani, nayo ikakimbia zaidi ya maili 183 kwa saa, ambazo ni kilomita 295 na zaidi.

Kijana akisikia habari hizo moyo humwenda mbio. Lakini na atulie kidogo. Munro alikimbia katika uwanda mtupu, mweupe, uliosawazika kama meza. Uwanda wa chumvi hauna watoto watokao shule, wala mbuzi wakatao njia, wala mteremko wa Sekenke. Tutwae kwake uvumilivu wa miaka 40 na ile rafu ya vyuma vilivyovunjika, maana kila kimoja kilikuwa somo. Mwendo wake tumwachie mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Zamani pikipiki ilikuwa chombo cha wachache. Leo iko kila kijiji. Jina la bodaboda lilitoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 watu wa baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria kutoka mpaka hata mpaka. Hapa Tanzania, mwaka 2010, Serikali ilitoa kanuni za leseni kwa pikipiki zinazobeba abiria kwa malipo. Pikipiki zilipozidi, mabaki yake nayo yakazidi, na mafundi wakapata ghala isiyokwisha.

Labda mtu atauliza: Imekuwaje injini ya pikipiki hii ikakubali silinda ya pikipiki ile, na majina yao katika tangi si mamoja? Sababu ni hii. Mwaka 1976 kiwanda cha Honda cha Japani kilitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyokusudiwa hasa kwa nchi ambazo barabara zake ni mbaya na mafundi wake hawana vyombo vingi. Injini yake ilikuwa nyepesi kufungua na ngumu kuchoka. Baadaye viwanda vingi vya China vikaliiga umbo lake, kila kimoja kikabandika jina lake mwenyewe. Kwa hiyo pikipiki mbili zenye majina tofauti huweza kuwa watoto wa baba mmoja, na pikipiki mbili zenye rangi moja huweza kuwa hazina undugu wowote. Jina lililoandikwa katika tangi si ukoo wa injini. Ukoo wa chuma ni vipimo vyake.

Hilo ndilo sharti la kwanza: pima. Wanafunzi, chukueni kalamu. Katika injini ya CG125 tundu la silinda lina upana wa milimita 56.5, na pistoni hupanda na kushuka milimita 49.5. Twaeni nusu ya upana kwa sentimita, mzizidishe kwa nafsi yake, kisha kwa 3.14, kisha kwa ule mwendo wa pistoni. Mtapata sentimita za ujazo 124. Ndiyo maana huitwa ya 125. Sasa wekeni tundu la milimita 62, na mwendo wa pistoni ubaki ule ule. Mtapata 149, nayo ndiyo iitwayo ya 150. Tumeongeza upana kwa milimita tano na nusu tu, na ujazo umepanda kwa sehemu moja ya tano. Kumbe hesabu za darasani zinakaa ndani ya injini, wala hazikutungwa kwa kuwasumbua watoto.

Lakini asidhani mtu kwamba silinda kubwa huingia mahali pa ndogo kwa kupenda kwake. Mdomo wa kasha la injini lazima uipokee. Tena injini iliyokuzwa yataka hewa na petroli kwa kadiri mpya. Petroli ikipungua kupita kiasi, moto huwa mkali na pistoni huungua. Ikizidi, injini hukohoa na kutoa moshi mweusi. Plagi ndiyo inayotoa ushahidi. Ifungue baada ya safari: ikiwa na rangi ya udongo wa kahawia, mambo ni sawa, ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, petroli ni haba na joto limepita kiasi.

Plagi yenyewe nayo yataka kupimwa. Iko yenye shingo ya milimita 19, na iko yenye shingo ya milimita 12.7. Iliyo ndefu ikitiwa mahali pa fupi, huweza kugongwa na pistoni. Iliyo fupi ikitiwa mahali pa ndefu, cheche hukaa mbali na petroli, na nyuzi za tundu hujaa masizi. Kwa macho ya haraka hizo mbili zafanana.

Hali kadhalika cheni. Cheni ya namba 420 na cheni ya namba 428 zina umbali mmoja kati ya pini na pini, yaani milimita 12.7. Ukiilaza ya 428 juu ya meno yaliyokusudiwa 420, itaingia vizuri, na fundi ayategemeaye macho yake tu atafurahi. Lakini 428 ni pana zaidi kwa ndani; itachezacheza kushoto na kulia, itakula meno, na siku moja itaruka. Cheni ikiruka na kujifunga katika gurudumu la nyuma, gurudumu husimama ghafula. Hapo dereva hana la kufanya.

Viko na visanduku vya umeme vya kuamrisha cheche, vile mafundi waviitavyo CDI. Vingine hupata nguvu zake kwa betri, vingine kwa koili ya injini. Kwa nje huweza kufanana kama mayai ya kuku mmoja, lakini cha huku hakifanyi kazi kule. Basi tusikubali neno la muuzaji asemaye, "Hiki kinaingia popote." Kitu kiingiacho popote ni maji.

Sharti la pili ni unyofu. Gurudumu la mbele na la nyuma sharti yafuatane katika mstari mmoja, na magurudumu ya meno ya cheni vivyo hivyo. Gurudumu likitoka katika pikipiki nyingine, aghalabu kitovu chake ni kipana au chembamba kuliko fremu, na fundi hutia vipande vya bomba ili kujaza nafasi. Hakuna ubaya, mradi vipande hivyo vikatwe sawasawa, tena kwa chuma kigumu. Kujua kama magurudumu yamenyooka hakuhitaji mashine ya mji. Simamisha pikipiki wima, nyosha usukani, vuta kamba pembeni mwa tairi la nyuma hata mbele, kisha fanya hivyo upande wa pili. Kwa kuwa tairi la mbele huwa jembamba, nafasi kati yake na kamba itaonekana. Nafasi ya kushoto na ya kulia zikilingana, magurudumu yamenyooka. Zisipolingana, pikipiki itavuta upande, na mwenye kubeba abiria atashindana na usukani safari nzima.

Sharti la tatu ndilo kubwa, na kama mtayasahau mengine yote, hili mlishike: anayeongeza mwendo aanze kwa kuongeza breki. Vijana wengi hufuata njia kinyume. Hutia injini kubwa katika fremu ya pikipiki ndogo, huirefusha fremu ili ibebe magunia mengi, huongeza springi nyuma, na breki huziacha zile zile za siku ya kwanza.

Tufanye hesabu tena. Nguvu iliyomo katika chombo kinachokwenda haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa nafsi yake. Pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa haina nguvu mara mbili ya ile iendayo 40, bali mara nne. Nguvu hiyo yote haina budi kugeuzwa joto na viatu vya breki kabla pikipiki haijasimama. Tena uzito wote wa chombo pamoja na mzigo wake ukizidi mara mbili, hata mwendo usipobadilika, kazi ya breki huzidi mara mbili.

Sasa fikirini dereva ashukaye Mlima Sekenke, pale barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega inapoteremka kuelekea Shelui. Nyuma yake kuna magunia mawili na mtu. Amekanyaga breki tangu juu. Lile bakuli la chuma katikati ya gurudumu, liitwalo ngoma, limepata moto. Viatu vilivyomo navyo vimepata moto, na kiatu cha breki kikipata moto mno hakishiki tena. Mguu unakanyaga, chombo hakisikii. Wahenga walisema: Chombo cha kuzama hakina usukani. Sisi twaongeza: wala hakina breki. Dawa ya mteremko ni kushuka kwa gia ya chini tangu mwanzo, injini ikiuzuia mwendo, na breki ikiguswa kwa vipindi. Dawa ya karakana ni kuhakikisha kwamba ngoma na viatu ni vya kipimo kimoja. Viatu vya milimita 110 katika ngoma ya 130 haviwezi kugusa inavyopasa, hata ukivikaza namna gani. Na mwenye kutaka mzigo mkubwa atafute gurudumu lenye ngoma kubwa zaidi kabla hajatafuta injini kubwa.

Neno hili lahusu meno ya cheni pia. Chukueni gurudumu la meno 15 mbele na la meno 45 nyuma: la mbele huzunguka mara tatu ili la nyuma lizunguke mara moja. Fundi akiweka nyuma meno 36, la mbele litazunguka mara 2.4 tu. Sasa pikipiki itakimbia zaidi katika njia tambarare, lakini nguvu ya kupanda imepungua kwa sehemu moja ya tano, na katika kushuka injini nayo itaweza kuzuia kidogo kuliko kwanza. Hakuna kitu cha bure katika chuma. Ukikipata huku, umekilipia kule. Mwenye kubeba mizigo vilimani na achague meno mengi nyuma, akubali kufika polepole.

Sharti la nne ni moto na ufa. Fremu ikikatwa na kuchomelewa, pale karibu na kiungo chuma hubadilika tabia yake kwa joto, na aghalabu hapo ndipo ufa huanzia. Fundi mwema hupiga brashi, hufuta, hutazama kila juma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa fremu hauna subira ya ukuta. Ukionekana karibu na kichwa cha fremu, pale usukani unaposhikwa, pikipiki isimame siku ile ile. Kuhusu tangi la petroli, tusemeni waziwazi: tangi tupu ni la hatari kuliko watu wanavyodhani, maana mvuke wa petroli hubaki ndani hata baada ya kumwagwa, nao hulipuka. Asilichomelee mtu tangi kwa sababu tu limemwagwa. Kubadili tangi ni rahisi kuliko kumbadili fundi.

Sharti la tano ni uaminifu. Kila pikipiki ina namba ya injini na namba ya fremu, nazo zimeandikwa katika kadi. Injini ikibadilishwa, chombo na kadi havisemi neno moja tena. Basi mwenyewe apeleke habari kwa Mamlaka ya Mapato ili kadi isahihishwe. Tena asinunue injini bila hati ya mauzo, asije akabeba wizi wa mtu mwingine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza chombo kibovu kutembea barabarani, na haikuweka msamaha kwa chombo kilichotengenezwa nyumbani. Siku ya kuiuza pikipiki hiyo, mnunuzi aambiwe kila kilichobadilishwa. Anayenyamaza siku ya kuuza ameuza na roho ya mwenzake.

Hapa twasikia mtu akinung'unika: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini vyuma vipya ni ghali, na sisi hatuna fedha." Neno lake ni la kweli, wala hatulipuuzi. Ndiyo sababu twapenda kuvigawa vyuma katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni tangi, kiti, vifuniko vya magurudumu, taa, kichanja cha mizigo. Hivyo vikitoka popote, vikafungwa vizuri, havina neno. Fungu la pili ni viatu vya breki na waya zake, matairi, cheni na meno yake, beringi za magurudumu na nati za ekseli. Katika fungu hili usiweke kilichochoka kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi. Kiti cha kuazima hakiui mtu. Breki ya kuazima huua. Fedha kidogo uliyo nayo ipeleke katika fungu la pili kwanza, na rangi ya tangi ingoje mavuno yajayo.

Pikipiki ikiisha kuungwa, isichukue abiria siku hiyo. Iendeshwe tupu, polepole, mahali tambarare. Kisha nati zote zikazwe tena, maana safari ya kwanza huzilegeza. Kisha ibebe mfuko wa mchanga mahali pa mtu, ishuke kilima kidogo, isimamishwe mara kadhaa. Mchanga ukianguka, hakuna msiba.

Na ninyi mafundi, wekeni daftari. Andikeni tarehe, chuma kilichotoka, chuma kilichoingia, na kipimo chake. Munro alikuwa na rafu yake. Daftari lenu na liwe rafu yenu. Wenye kutaka kuongeza elimu wasione haya kuuliza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa karakana ndogo, na vyuo vya ufundi vya VETA huwapokea vijana wanaotaka kujifunza kazi hii kwa utaratibu. Na sisi walimu tusiwadharau wenye mikono ya mafuta. Kijana ajuaye kupima milimita ni ndugu wa mwanafunzi wa hesabu. Wakikaa pamoja, kila mmoja atamfundisha mwenzake.

Basi swali letu la kwanza twalijibu hivi. Vyuma visivyozaliwa pamoja vyaweza kukaa pamoja, tena kwa miaka mingi, mradi vipimwe, vinyoshwe, na breki itangulie mwendo. Chuma hakiulizi ulitoka nchi gani. Chauliza tu: Je, twalingana?

Kwaherini, wasikilizaji. Mwenye safari leo, kabla hajawasha injini, na aikanyage breki kwanza.